3060 ziko ngapi? Uzi wa kulinganisha kadi za grafiki kabla hujaenda Kariakoo

Chumvi ya Kigamboni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki mtu anauliza humu kadi ipi kali, anajibiwa kwa majina: chukua 3060, 580 imeshazeeka, 4060 ndiyo habari ya mjini. Anafunga hela yake, anapanda daladala mpaka Kariakoo na jina moja kichwani, anarudi na kitu kingine chenye jina hilohilo. Nalijua hilo kwa sababu lilinikuta.

Mwaka juzi nilinunua RX 580 ya 8GB iliyotumika. Duka silitaji, na sina hakika kama muuzaji mwenyewe alijua anauza nini. Boksi linasema RX 580, kadi inasema RX 580, Windows inasema RX 580. Nikawa nacheza, lakini jamaa yangu wa Mbagala mwenye RX 580 yake ananizidi fremu kwenye gemu ileile, tumepanga kila kitu sawa. Siku moja nikabeba mashine mpaka kwake, tukaweka GPU-Z, programu inayosoma chipu ya kadi, kote kuwili. Kwake viini, yaani vile vidude vinavyopiga hesabu ndani ya chipu, 2304. Kwangu viini 2048.

Kumbe AMD walitoa toleo la soko la China mwaka 2018, RX 580 2048SP, ambalo kwa idadi ya viini ni RX 570 iliyovalishwa shati la kaka yake. Wala si feki. Ndiyo maana inauma, huna hata wa kumrudishia.

Tangu siku hiyo kadi siiti kwa jina kwanza. Nasoma mistari minne: memori inapita kwa kasi gani, ziko GB ngapi, inakula wati ngapi na inataka waya gani, na inatumia njia ngapi za PCIe, ile sloti inayounganisha kadi na kompyuta. Bei baadaye.

Huo wa kasi ya memori ndio wauzaji hawautaji kabisa. Fikiria barabara ya Kimara kwenda Kibaha kabla haijapanuliwa. Magari yapo, madereva wapo, wote wamekaa. Biti za memori ni hizo njia za barabara, na kasi ya chipu za memori ni mwendo wa gari. Hesabu yake mtoto wa darasa la tano anaiweza: biti mara kasi, gawanya kwa 8. RTX 3060 ya 12GB iliyotoka Februari 2021 ina biti 192 na memori ya kasi ya gigabiti 15 kwa sekunde. 192 mara 15 gawanya kwa 8 unapata 360. Hizo ni GB kwa sekunde.

Sasa ikaja RTX 3060 nyingine, ya 8GB. Viini vilevile 3584, jina lilelile, boksi karibu lilelile. Biti 128. Piga hesabu: 240. Theluthi nzima ya barabara imefungwa na kwenye jina hawajabadilisha hata herufi. Muuzaji atakwambia "tofauti ni GB nne tu bosi". Mwongo, au hajui.

Ukitaka kucheka zaidi tafuta GT 1030. Ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 wakatoa ya DDR4, jina lilelile, haifiki hata 17.

Nawawekea za kwangu nilizoandika kwenye daftari, kadi ambazo ndizo tunaziuliza sana:

RTX 3060 12GB: viini 3584, biti 192, GB 360 kwa sekunde, wati 170
RTX 4060 8GB: viini 3072, biti 128, GB 272, wati 115
RX 6600 8GB: viini 1792, biti 128, GB 224, wati 132
RX 580 8GB (ile ya kweli): viini 2304, biti 256, GB 256, wati 185
RTX 3050 6GB: viini 2304, biti 96, GB 168, wati 70
GTX 1650 4GB ya GDDR5: viini 896, biti 128, GB 128, wati 75

Msikimbilie kulinganisha viini vya AMD na vya Nvidia. Nitaeleza mtu akiuliza. Karibuni.

Mzee Bisha

Nimekaa kimya nasoma, sasa nauliza. Kwa hesabu yako ya barabara, 4060 yenye 272 ilitakiwa iwe nyuma ya 3060 yenye 360. Viini pia imepungukiwa. Mbona kila anayepima anakuta 4060 iko mbele? Au daftari lako nalo ni 2048SP?

Chumvi ya Kigamboni

Hahaha mzee umenipata mahali pazuri.

Jibu ni stoo. Duka ambalo halina stoo, kila mteja akiulizia kitu kijana anatumwa Kariakoo. Barabara ikiwa mbovu mteja anaondoka. Duka lenye stoo kubwa nyuma, kijana anaingia nyuma anatoka na mzigo, barabara anaitumia mara chache. Ndani ya chipu ya 3060 kuna stoo ya L2, yaani memori ndogo ya karibu na viini, ya MB 3. Ya 4060 ina MB 24. Mara nane. Halafu viini vyake vinakimbia kasi zaidi, karibu 2.5 GHz wakati vya 3060 viko kwenye 1.8. Kwa gemu za 1080p inaiacha 3060 kwa kama asilimia 15 mpaka 20 bila ujanja wowote.

RX 6600 nayo ni hivyohivyo, ina stoo ya MB 32, AMD wanaiita Infinity Cache. Kwa hiyo ile hesabu itumie kwa kadi za ukoo mmoja. 3060 kwa 3060, 1030 kwa 1030. Ukivuka ukoo, angalia na stoo. Na stoo ina mwisho: ukipandisha mpaka 4K mzigo hautoshei tena, unarudi kutegemea barabara.

Viini sasa. 3060 ina 3584, RX 6600 ina 1792, nusu kamili. Ukipiga ile hesabu ya teraflopsi, yaani trilioni za hesabu kwa sekunde, unapata 12.7 dhidi ya 8.9. Kwenye gemu nyingi za 1080p zinaandamana, 6600 ikiwa nyuma kidogo tu. Sababu ni kwamba tangu RTX 30 Nvidia wanahesabu jozi, na nusu ya hizo jozi inashirikiana na kazi za namba nzima. Gemu ina kazi nyingi za namba nzima. Kwa hiyo viini viko vingi kwenye karatasi, kazini vinapokezana.

Mzee Bisha

Hapo sawa. Lakini kuna jambo umelikwepa, la fremu za kutengeneza. Watu wanadanganywa nalo kuliko hata biti. Januari 2025 Jensen Huang wa Nvidia alisimama jukwaani Marekani akasema 5070 ya dola 549 inatoa utendaji wa 4090. Nikasikia, nikacheka peke yangu sebuleni, mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

4090 ina viini 16384, memori 24GB, inapitisha GB 1008 kwa sekunde. 5070 ina viini 6144, 12GB, GB 672. Utendaji unatoka wapi? Kati ya fremu moja ya kweli na nyingine, programu inachomeka fremu za kubuni mpaka tatu. Namba kwenye kona ya monita inapanda. Mkono wako kwenye mausi unaongea na ile ya kweli tu.

Chumvi ya Kigamboni

Sikulikwepa mzee, nilikuachia. Nakubali. Mtu akikuonyesha fremu 140 dukani muulize kwanza hiyo kitu imewashwa au imezimwa. Sisemi haina faida. Kama tayari unapata fremu 60 za kweli inalainisha vizuri sana. Kama unapata 25 za kweli, utaona 70 na bado utahisi unaburuta gogo.

Na usisahau wenyewe walishawahi kukamatwa na majina. 2022 walitangaza RTX 4080 mbili: ya 16GB viini 9728, ya 12GB viini 7680. Jina moja, kadi mbili. Watu wakapiga kelele, Oktoba mwaka huohuo wakaiondoa ya 12GB kabla haijaingia sokoni. Januari 2023 ikarudi kwa jina la 4070 Ti. Yaani kwa kelele tu jina lilibadilika. Ya 3060 ya 8GB hakuna aliyepiga kelele za kutosha, kwa sababu wanunuzi wake ni sisi.

Fundi Vumbi

Wakuu salaam. Mimi kazi yangu ni kufungua hizi vitu kila siku, naongeza la upande wangu.

Feki zipo na zinaingia. Inayokuja mara nyingi mezani ni kadi ya enzi za GTS 450 au GTX 550 Ti, imeandikwa upya biosi ijitambulishe kama GTX 1050 Ti ya 4GB. Windows inakubali jina hilo bila shida, Windows haina kosa, inasoma ilichoambiwa. GPU-Z inaangalia chipu yenyewe, ikikuta haiendani inaandika FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi uende nayo. Muuzaji akikataa usichomeke flashi, hapo umeshapata jibu.

Ishara ya haraka zaidi: ukiona inaitwa GTX 1050 Ti na ina tundu la bluu la VGA, anza kuogopa. Chipu za ukoo wa GTX 10 hazitoi VGA zenyewe.

GTX 1060 nayo mjue ziko mbili. Ya 6GB ina viini 1280, ya 3GB ina 1152. Watu wanadhani tofauti ni memori tu.

Halafu kadi za wachimba sarafu. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 15, 2022, baada ya hapo mzigo mkubwa ukamwagika duniani na mwingine umetufikia. Kadi ya machimbo si lazima iwe mbaya. Nimeshika zilizochimba miaka miwili zikiwa na afya kuliko ya kijana anayevuta sigara chumbani. Kinachochoka ni feni, pesti iliyokauka, na padi za memori. Ukienda kununua usikubali kuonyeshwa inawaka tu. Kadi mbovu nyingi zinawaka vizuri. Omba ipigwe mzigo dakika 20 kwa programu ya FurMark, wewe ukiangalia joto. Ikipanda mpaka nyuzi 85 na feni zinalia kama genereta, mwambie apunguze bei ya pesti na feni, au ondoka.

Kwa wenzangu wa Kigamboni na Msasani karibu na bahari: angalia skrubu za kibati cha nyuma. Zikiwa na kutu, na ndani kuna kutu.

Chumvi ya Kigamboni

Jina langu la humu lilitokana na hilo la mwisho.

Picha Sinza

Kaka zangu mnaongea gemu tu. Sisi tunaokula kwa kadi tuseme na sisi.

Mimi naediti harusi na send-off. Nilikuwa na GTX 1650 ya 4GB. Video za 1080p hazikunisumbua. Kamera zilipohamia 4K nikaanza kuona kile kiboksi cha DaVinci Resolve kinachosema memori ya GPU imejaa. Kinakuja Jumapili usiku, wakati mama wa bibi harusi ameshapiga simu mara tatu. Hapo huhitaji kasi, unahitaji nafasi. Kadi ikiwa na kasi halafu memori ikajaa, kazi inasimama palepale, haipungui mwendo, inasimama.

Nilipopata hela ya kubadilisha kila mtu aliniambia chukua 4060, mpya, inakula umeme kidogo. Nikachukua 3060 ya 12GB iliyotumika. Kwa gemu wangenishinda. Kwa rangi, kupunguza chenga na tabaka nne za 4K sijajuta hata siku moja. Kwa hiyo kuuliza ipi kali bila kusema unafanya kazi gani ni kama kuuliza gari gani zuri bila kusema unabeba abiria au mchanga.

Na tafadhali msiwashauri watu wa video RX 6400 na RX 6500 XT. Hazina kabisa kifaa cha kusimba video ndani. Ukitoa kazi ya mwisho, prosesa inabeba peke yake. Mtu wa kurusha matangazo mubashara hapo ameumia.

La mwisho, kwa mdogo wangu aliyenifuata inbox na RX 580 akitaka Blender ya kazi za 3D: Cycles, injini yake ya kurenda, iliacha OpenCL, njia ya zamani ya kutumia kadi za AMD, kwenye toleo la 3.0, Desemba 2021, na njia mpya ya AMD haiijui 580. Itarenda kwa prosesa tu. Nilimwambia hakuamini, namwambia tena mbele za watu.

Mwanafunzi wa Ramani

Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuingilia. Nasoma usanifu majengo mwaka wa pili. Nina 3060 lakini SketchUp inaganda nikiweka miti na vivuli, na gemu ya mpira inakwenda kama picha za mnato. Nikisoma humu naona 3060 inasifiwa. Yangu ina tatizo gani?

Mzee Bisha

Marahaba. Ya 12 au ya 8?

Mwanafunzi wa Ramani

Ya 8. Nimeongeza mwenyewe ilikuwa 4.

Mzee Bisha

Umeongeza memori kwenye kadi ya grafiki? Wewe kijana ni mhandisi wa wapi?

Fundi Vumbi

Ngoja ngoja. Mdogo wangu, hiyo 3060 imeandikwa wapi?

Mwanafunzi wa Ramani

Mbele ya kasha. Dell OptiPlex 3060.

Chumvi ya Kigamboni

Nimecheka mpaka nimemwaga chai. Huu uzi unaitwaje vile?

Fundi Vumbi

Usicheke mtoto, hana kosa. Mdogo wangu, hilo ni jina la kompyuta, halihusiani kabisa na RTX 3060. Wewe huna kadi. Unatumia grafiki ya ndani ya prosesa, inayokopa RAM ya kawaida. Kasha lako ni lile nene au jembamba?

Mwanafunzi wa Ramani

Jembamba. i5 8500. Sasa niweke RTX 3060 kwenye hii 3060?

Chumvi ya Kigamboni

Haiingii, na hata ingeingia isingewaka. Hapa ndipo mistari miwili ya mwisho kati ya ile minne yangu, wa wati na waya na wa njia za PCIe, inapofanya kazi, kwa hiyo asante kwa kuuliza.

Sloti ya PCIe inatoa wati 75 kwa kanuni. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Pawa saplai ya OptiPlex jembamba kama yako ni ya wati 200 na haina hata waya mmoja wa kadi. Na kuna mashine za ofisi ambazo watengenezaji wameandika sloti haitoi hata hizo 75 zote, soma kitabu chake. Kwa hiyo chochote kinachotaka waya kiondoe kichwani. 3060, 4060, 6600, 580, zote kwaheri.

Chukua rula, fungua kasha, nipimie: ile sloti ndefu iko umbali gani na pawa saplai?

Mwanafunzi wa Ramani

Zimekaribiana kabisa. Kidole changu kinapita kwa shida.

Chumvi ya Kigamboni

Basi hata RTX 3050 ya 6GB imetoka. Ingekuwa nzuri sana, ina wati 70, haitaki waya, na kuna matoleo yake mafupi. Lakini hayo mafupi mengi ni manene, yanakula nafasi ya sloti mbili. Wewe unataka fupi na jembamba kwa pamoja.

Zinabaki chache. RX 6400 ni mojawapo: 4GB, wati 53, kuna ya kampuni kadhaa iliyo fupi na jembamba. Kwa gemu inavutia. Lakini inatumia njia nne tu za PCIe, imetengenezwa kwa PCIe 4.0. Prosesa yako ya kizazi cha 8 ni PCIe 3.0, ambapo kila njia inapitisha karibu GB 1 kwa sekunde. Kwa hiyo njia nne ni GB 4. Memori yake ya 4GB ikijaa, kadi inaanza kukopa RAM kupitia kidirisha hicho kidogo, na SketchUp yako yenye miti itajaza tu.

Ya pili ni Nvidia T1000. Kadi ya ofisini, watu hawaiangalii kwa sababu haina taa wala jina la gemu. Ndani yake ni chipu ileile ya GTX 1650, viini 896, wati 50, memori ya GB 160 kwa sekunde, na inatumia njia zote 16. Kwa PCIe 3.0 haipotezi kitu. Ina kifaa cha kusimba video. Iko ya 4GB na ya 8GB. Ukiikuta ya 8GB ongeza hela uichukue, usiwe mbahili hapo.

Prosesa yako ni ya wati 65. Jumlisha 50, weka na diski na feni, uko salama kwenye 200.

Mzee Bisha

Na Arc ya Intel? B580 ina 12GB, biti 192, inapitisha 456, ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249. Kwa bei hiyo hakuna anayeigusa.

Chumvi ya Kigamboni

Kwa mashine mpya mzee niko na wewe kabisa. Kwa huyu hapana. Ni wati 190, inataka waya. Na hata mwenye kasha kubwa la kizazi cha 8 asikimbilie, Arc inategemea Resizable BAR, yaani prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, na Intel wenyewe wanashauri kizazi cha 10 kwenda juu. Bila hiyo inapoteza nguvu vibaya.

Picha Sinza

Mkuu, tukiwa hapo kwenye wati, ile hoja ya umeme wa 4060 uliwahi kuipigia hesabu? Mimi niliambiwa 3060 itanifilisi LUKU.

Chumvi ya Kigamboni

Niliipiga dada. 170 toa 115 ni wati 55. Ukirenda saa sita kila siku kwa mzigo kamili ni yuniti 0.33 kwa siku, karibu yuniti 10 kwa mwezi. Kwangu elfu moja inanipa yuniti kama 2.8, kwa hiyo tofauti ni kama 3,500 kwa mwezi. Sahani mbili za chipsi mayai. Uliyeambiwa naye atakuwa muuzaji wa 4060.

Kinachogharimu zaidi ni joto. Wati zote hizo zinaishia chumbani. Januari, chumba cha bati Tandika, feni moja, ukiweka na kadi ya wati 185 ndani utaelewa kwa nini niliuza ile 580.

Fundi Vumbi

Na kwa wale wa makasha makubwa: hizo pawa saplai zenye stika ya 500W zishikeni mkononi kabla ya kulipa. Ikiwa nyepesi kama boksi la biskuti, hiyo 500 ipo kwenye stika. Nimefungua nyingi, ndani hewa tupu. Kadi inapokea lawama, draiva inapokea lawama, Windows inapigwa upya mara tatu, kumbe saplai inashusha volti kila gemu ikianza. Tena mjini hapa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, saplai ya hivyo ikifa inaondoka na mwenzake.

Wenye GTX 10 pia mjue, Nvidia walitangaza kwamba draiva za gemu kwa ukoo huo zingeishia Oktoba 2025, baada ya hapo ni za usalama tu. Kadi haifi siku hiyo. Ila kwa hela ya sasa usiifukuzie 1060 kama unayo njia nyingine.

Mwanafunzi wa Ramani

Wakubwa nimerudi. Wiki tatu nimezunguka. Maduka mawili Kariakoo walinipa GT 730 wakaapa ni sawasawa na T1000. La tatu hawakuijua. Samora nikampata mtu anayeuza vitu vya maofisi yaliyofungwa, alikuwa nayo ya 8GB kwenye droo. Nilikwenda na flashi ya GPU-Z kama Fundi alivyosema. Viini 896, biti 128, hakuna neno FAKE. Ina kibati kifupi. Imeingia kwenye kasha bila kugusa kitu.

Picha Sinza

Hongera sana mdogo wangu! SketchUp inasemaje?

Mwanafunzi wa Ramani

Bado sijaona dada. Feni inazunguka, taa ya kompyuta inawaka, monita nyeusi. Nimechomoa nimerudisha mara nne. Naogopa nimeuziwa mbovu.

Fundi Vumbi

Si ulisema GPU-Z uliiona?

Mwanafunzi wa Ramani

Kwenye mashine yake dukani ndiyo. Hapa kwangu ndiyo haionyeshi.

Fundi Vumbi

Monita yako ina tundu gani?

Mwanafunzi wa Ramani

La bluu. Waya wangu bado umechomekwa palepale nyuma ya kompyuta ulipokuwa siku zote.

Fundi Vumbi

Basi kadi ni nzima. Umeweka kadi halafu monita umeiacha kwenye nyumba ya zamani. T1000 ina matundu manne ya DisplayPort ndogo, la bluu haina. Unahitaji kiunganishi cha kutoka DisplayPort ndogo kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, usichukue waya mtupu. Kama kuna mtu ana monita ya zamani ya HDMI au DisplayPort anauza, mpe huyu kijana kipaumbele.

Mwanafunzi wa Ramani

Leo Jumapili, nimetoka kupiga simu, yule wa Samora amefunga. Nifanye nini na kazi ya kesho asubuhi?

Fundi Vumbi

Zima, chomoa kadi, iweke kwenye mfuko wake. Washa. Ramani ya kesho ichore bila miti.